SOMO LA MWEZI: KUBETI KWA SIMU NI HALALI, LAKINI JE, KUNAFAA?



Maandiko ya kusoma pamoja nyumbani: Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 19:3-8, 1 Wakorintho 10:23-24, Waefeso 4:28, Wagalatia 6:1-2.

UTANGULIZI

Swali moja linarudi kila mara katika mafundisho ya vijana: "Kama serikali imeruhusu kubeti, makampuni yana leseni na yanalipa kodi, kwa nini kanisa linakataza?" Swali hili ni zuri, na halifai kujibiwa kwa kelele. Ndani yake mna maswali mawili. La kwanza: je, ni vema serikali iruhusu kamari ya simu na kuisimamia, au iipige marufuku kabisa? La pili: je, kile ambacho serikali imeruhusu kinafaa katika nyumba ya Mkristo? Wengi huyachanganya. Katika somo hili tutayajibu moja moja.

1. TUUELEWE KWANZA MCHEZO WENYEWE

Zamani kamari ilikuwa karata na kete, na wachezaji walijulikana kijiji kizima. Leo imo mfukoni. Mtu anaweza kubeti akiwa kitandani, hata akiwa amekaa ibadani.

Tufanye hesabu. Chukueni mchezo wa timu mbili zenye nguvu sawa, na tuiache sare pembeni ili hesabu iwe rahisi. Kampuni inaandika odi ya 1.90 kila upande. Wewe unaweka shilingi 1,000 upande huu, jirani yako anaweka 1,000 upande ule. Kampuni ina 2,000 mkononi. Mmoja wenu atalipwa 1,900. Shilingi 100 zimebaki kwa kampuni, nayo haikuwa na haja ya kujua mpira.

Sasa tuje kwenye mkeka wa mechi 10 za namna hiyo. Nafasi ya kupatia zote ni moja kati ya 1,024. Lakini ukizipatia, utalipwa kama mara 613 tu ya ulichoweka. Maana yake, katika kila shilingi 1,000 ambazo watu wanaweka kwenye mikeka kama hiyo, kwa wastani shilingi 400 hivi hazirudi kwa mchezaji yeyote. Ndiyo sababu mkeka mrefu unasifiwa sana: kadiri unavyorefuka, ndivyo fungu la kampuni linavyonona. Naye kijana ambaye mkeka wake umechanwa na mechi moja husema, "Nilikaribia kabisa!" Kumbe hakulipwa chochote, sawa na yule aliyekosa zote.

Kuna pia mchezo wa ndege, unaoendeshwa na kompyuta, na duru moja huisha kwa sekunde chache. Tuseme mchezo huo unarudisha shilingi 97 katika kila 100. Inaonekana ni haki, sivyo? Lakini mwenye 1,000 akiziweka zote, kisha akaweka tena kile kilichorudi, na tena, kwa wastani baada ya duru 23 amebakiwa na nusu. Duru 23 huisha kabla maji ya ugali hayajachemka.

2. JE, NI VEMA SERIKALI IRUHUSU NA KUSIMAMIA?

Hapa Uganda kamari inaongozwa na Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016. Sheria hiyo iliunda bodi ya kutoa leseni, na ikakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza. Vijana wetu wengi hawajui jambo hilo. Ndugu zetu walioko Nyarugusu na Kakuma wana sheria nyingine: Tanzania na Kenya kikomo ni miaka 18.

Kupiga marufuku nako kumejaribiwa. Januari 2019 serikali ya Uganda ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya kwa makampuni ya kubeti, wala haitaongeza muda wa leseni za zamani. Kenya nayo, mwaka huohuo, ilizuia leseni za makampuni 27. Hata hivyo biashara hii haikufa katika nchi hizo mbili. Simu haina mpaka. Mlango wa hapa ukifungwa, mchezaji hufungua wa kampuni iliyo ng'ambo, isiyo na leseni. Huko hakuna anayeuliza umri wake, na akidhulumiwa hana pa kushtaki.

Biblia inatusaidia hapa. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu anayejenga nyumba anaamriwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari, ili asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu anajua kuwa watu watapanda juu, basi anaagiza kizuizi. Sheria nzuri ya kamari ni ukuta wa namna hiyo: umri, leseni, kiwango cha juu cha pesa, na njia ya mtu kujifungia mwenyewe asicheze tena. Kwa hiyo Mkristo anaweza kusema bila woga kwamba kusimamia kwa ukali ni afadhali kuliko kuacha jambo hili lifanyike gizani.

Lakini ukuta huu una nyufa mbili. Kwanza, serikali hupata kodi katika biashara hiyo. Watu wakipoteza zaidi, kodi huongezeka, na mlinzi anayekula sehemu ya mavuno anahitaji kuangaliwa naye. Pili, sheria huona jina lililosajiliwa kwenye laini ya simu, haioni mkono ulioishika. Kijana wa miaka 17 akitumia simu ya mama yake, mbele ya kampuni yeye ni mama wa miaka 40.

Tena, hata nchi zenye nguvu zinaziba nyufa hadi leo. Uingereza ilifungua kamari kwa sheria ya mwaka 2005. Mwaka 2020 ikakataza kubeti kwa kadi ya mkopo, na mwaka 2025 ikaweka kikomo cha pesa kwa mashine za kamari za kwenye intaneti. Vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza, ambavyo vijana wetu wanavishabikia, vilikubaliana mwaka 2023 kuyaondoa makampuni ya kamari kifuani mwa jezi kufikia mwisho wa msimu wa 2025/26.

3. HALALI SI SAWA NA KUFAA

Mafarisayo walimwendea Yesu na hoja kama ya vijana wetu: Musa aliruhusu hati ya talaka, basi kuna ubaya gani? Bwana akawajibu kuwa Musa aliruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao. Ruhusa ile haikugeuka kuwa mapenzi ya Mungu. Vivyo hivyo leseni ya kampuni ya kubeti haikuandikwa ili kubariki nyumba yako. Iliandikwa kupunguza madhara.

Paulo anawafundisha Wakorintho kwamba mtu aliye huru bado aulize: jambo hili linajenga? Linamfaa mwenzangu? Tuulize basi: shilingi 50,000 za mshindi zimetoka wapi? Hazikuota shambani wala hazikushonwa kwa cherehani. Zimetoka kwa walioshindwa, na baadhi yao ni majirani zetu wa hapa makazini. Katika Waefeso 4:28 Paulo anataka mtu afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji. Kubeti kunapindua neno hilo: mhitaji ndiye anayechangia.

Sisi wakimbizi tuna sababu ya kuogopa zaidi. Mei 2025, kwa upungufu wa fedha, WFP ilisimamisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja hapa Uganda. Nyumba ambayo haina akiba haipotezi starehe ikipoteza 5,000. Inapoteza chakula cha watoto. Na aliyepoteza hurudi kesho kutafuta alichopoteza jana, kwa maana mfa maji haachi kutapatapa.

4. HOJA MBILI TUNAZOZISIKIA

"Hata mitume walipiga kura." Ni kweli, soma Matendo 1:26. Lakini walipiga kura ili wapate wa kushika nafasi ya Yuda, baada ya kuomba. Hakuna aliyeweka pesa wala aliyerudi nyumbani bila mkate. Mfano ulio karibu zaidi na kubeti ni wa askari walioligawana vazi la Bwana chini ya msalaba.

"Nikishinda nitatoa fungu la kumi." Ndugu yangu, Mungu haombi sehemu katika hasara ya jirani yako. Anakuhitaji wewe mwenyewe kwanza.

5. TUFANYE NINI?

a) Nyumbani: mume na mke wakae pamoja siku pesa inapoingia, wapange kwanza chakula, sabuni na ada, kabla simu haijashikwa na mtu mwingine. Namba ya siri isiwe ya nyumba nzima.

b) Kwa vijana: kutazama mpira si dhambi. Wazee watafute mahali pa kuangalia mechi pasipo na kibanda cha kubeti. Kijana aliyekaa bila kazi ndiye anayeitwa na mkeka. Vikundi vya akiba na vya ufundi vimpokee.

c) Kwa aliyenaswa: asifukuzwe wala asitajwe madhabahuni. Wagalatia 6:1 inatuagiza kumrejesha kwa upole. Amtafute mchungaji au mzee mmoja, aseme deni lake lote, aifute programu hiyo, na pesa yake ishikwe na mtu wa nyumbani kwa muda. Akianguka tena, tumpokee tena.

d) Kwa viongozi: tuwaombe wenyeviti wa vijiji na polisi wasimamie umri wa miaka 25 ambao sheria imekwisha kuuweka. Ukuta ukiwapo tu kwenye karatasi, hauzuii mtu kuanguka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini Mungu aliagiza ukuta juu ya dari badala ya kukataza watu kupanda?
2. Taja jambo moja ambalo ni halali hapa makazini lakini halijengi nyumba yako.
3. Kama mwana wako angekuambia leo kwamba amebeti pesa ya chakula, ungesema neno gani la kwanza?

TUOMBE

Baba, wewe uliyetuvusha mipaka tukiwa mikono mitupu na ukatulisha, tufundishe kuridhika na kazi ya mikono yetu. Waokoe wana wetu walionaswa, na utupe moyo wa kuwapokea. Katika jina la Yesu. Amina.