Kingamwili Isiyokinga: Tatizo la Istilahi katika Lugha ya Maabara

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi kingamwili kwa kurejelea ile itumikayo maabara kubaini kolajenesi ya binadamu. Kolajenesi ni kimeng'enya kinachokata kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, mifupa na mapafu. Jerome Gross na Charles Lapière walikieleza mwaka 1962 walipochunguza mkia wa kiluwiluwi.

Jamii tunayoilenga ni ya Nyarugusu ya Geita (si kambi ya wakimbizi ya Kigoma), ambako wachimbaji wadogo huvuta vumbi la mawe katika maduara na kwenye karasha. Vumbi lenye silika huongeza hatari ya kifua kikuu, na utafiti umeihusisha kolajenesi na uharibifu wa mapafu katika maradhi hayo. Hivyo basi, lugha ya vipimo inawahusu moja kwa moja.

2.0 Uchambuzi

Kimeng'enya kimetokana na kitenzi meng'enya. Umbo lake linataja kazi yake. Kingamwili ina fasiri mbili: 'kinga ya mwili', au 'kinachokinga mwili' kwa muundo wa zimamoto. Fasiri zote mbili zinadai ulinzi. Lakini kingamwili ya maabara, ambayo huweza kutolewa kwa sungura au panya, haimkingi mgonjwa. Hunasa kolajenesi katika sampuli ili ionekane. Aidha, inaweza kunasa hata kolajenesi ambayo bado haijaanza kukata chochote. Inathibitisha kuwapo, si utendaji.

Athari ni kubwa zaidi katika upimaji wa VVU. Neno UKIMWI lenyewe linataja upungufu wa kinga mwilini. Mchimbaji akiambiwa kwamba damu yake 'ina kingamwili za VVU', kanuni za lugha yake zinamruhusu kuelewa kwamba amekingwa, ilhali anaarifiwa kwamba ameambukizwa. Kosa hapo si la msikilizaji.

3.0 Hitimisho

Yawezekana kudaiwa kwamba kingamwili imekwisha kuzoeleka. Ni kweli, na ibaki katika biolojia ya kinga. Kwa zana ya maabara tunapendekeza kinasa, kwa kufuata kinasasauti, mathalani, kinasakolajenesi. Kwa mgonjwa, mtoa majibu ataje kwanza maana ya kipimo: 'umeambukizwa' au 'hujaambukizwa'. Usanifu wa istilahi haukamiliki kamusini. Hukamilika anapoelewa yule ambaye afya yake inazungumziwa.