Saratani ya kongosho: Kisu au tiba ya kutuliza?

Huenda umewahi kuona jamaa wakiitisha harambee, au hata kuuza shamba, ili mzee wao akapasuliwe saratani ya kongosho. Nia huwa njema. Lakini kabla shamba halijauzwa, ni vyema kujua upasuaji huo humfaa nani.

Kongosho ni tezi iliyo nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Kwa kuwa imejificha, saratani yake hukua kimya kimya. Macho yanapogeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, uzito ukapungua na maumivu yakapenya hadi mgongoni, mara nyingi ugonjwa huwa umekwenda mbali. Kati ya wagonjwa 100, ni kama 15 hadi 20 tu ambao uvimbe wao huweza kuondolewa.

Upasuaji

Operesheni inayojulikana zaidi huitwa Whipple, kwa jina la Dkt Allen Whipple wa Marekani aliyeieleza mwaka wa 1935. Daktari hukata kichwa cha kongosho, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo na sehemu ya mrija wake, kisha huunganisha yaliyobaki. Ni kazi ya saa nyingi, na mgonjwa huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kurudiwa na nguvu.

Ikiwa saratani haijatoka kwenye kongosho, hii ndiyo njia yenye tumaini la kupona kabisa, ingawa wengi hurudiwa na ugonjwa. Ikiwa imezingira mishipa mikubwa ya damu tu, mgonjwa hupewa kwanza dawa za saratani, kisha hupigwa picha tena. Wachache huweza kupasuliwa baadaye. Lakini ikiwa imefika kwenye ini au mapafu, kuondoa uvimbe wa kwanza kwa kawaida hakurefushi maisha. Mgonjwa hutumia siku zake za nguvu akiuguza kidonda.

Tiba ya kutuliza

Wengi hudhani kwamba asiyepasuliwa ametupwa. Sivyo. Mrija wa nyongo ulioziba huzibuliwa kwa kijibomba kinachopitishwa mdomoni, na mwasho na umanjano hupungua. Mofini ya kunywa hutuliza maumivu. Usiiogope, kwani ikitolewa kwa kipimo cha daktari ni nadra imgeuze mgonjwa kuwa mraibu. Maumivu yakizidi, neva zinazoyabeba huweza kudungwa dawa. Kuna vidonge vya kusaidia kusaga chakula, na dawa za saratani huweza kumwongezea miezi kadhaa aliye na nguvu za kuzistahimili.

Hapa nchini, Nairobi Hospice imekuwa ikiwahudumia wagonjwa kama hawa tangu mwaka wa 1990.

Maswali ya kuuliza

Muulize daktari wako: Je, picha zaonyesha saratani imesambaa? Je, lengo la operesheni hii ni kuponya au kupunguza taabu? Je, atakayeifanya huifanya mara kwa mara?

Kisha muulize mgonjwa mwenyewe anataka nini. Kuna atakayechagua kupigana hadi mwisho, na kuna atakayetaka kukaa nyumbani na wajukuu bila maumivu. Msimfiche hali yake mkamwamulia nyinyi. Mwili ni wake.