Ndigana ni mbili, sindano si moja

Masika yameingia na barua zenu zimefuata. Nyingi zinasimulia kisa kilekile: ng'ombe kaacha kula, kachomwa oksitetrasaiklini (OTC) siku tatu mfululizo, siku ya tano kafa. Lawama anabebeshwa mwenye duka, eti kauza dawa feki.

Huenda dawa ilikuwa nzima, ila haikuwa ya ugonjwa ule. Ndigana ziko mbili, baridi na kali. Ndigana baridi inasikia OTC. Ndigana kali ikishajitokeza haisikii. Dawa yake ni buparvakwoni, tena mapema, kabla povu halijatoka puani. Najua bei yake inauma.

Kinachowachanganya wengi ni chanjo. Ndama anapochanjwa ndigana kali huchomwa na OTC ya asilimia 30 papo hapo, watu wakaona hiyo ndiyo kiboko yake. Pale OTC inawapunguza makali vimelea hai waliomo kwenye chanjo wasije wakamuua ndama. Haitibu.

Kabla ya sindano, weka mkono chini ya sikio. Tezi ikiwa imevimba kama yai, na ya mbele ya bega vilevile, joto limepita 40, shuku ndigana kali. Fizi zikipauka, kinyesi kikawa kigumu na tezi hazijavimba, shuku baridi. Kisha mwite mtaalamu achukue damu na majimaji ya tezi, apake kwenye kioo, asome kwa hadubini. Si yule wa pikipiki mwenye chupa zilizoshinda juani na sindano moja kwa boma zima! Sindano hiyohiyo inahamisha ndigana baridi kutoka ng'ombe hadi ng'ombe.

Na kupe anayeeneza ndigana kali je? Akishajibana, huchukua siku tatu hivi kabla hajaanza kuambukiza ndigana kali, kwa hiyo kuogesha kila wiki kunasaidia, na penye kupe wengi mara mbili. Lakini nimeona pampu za mgongoni zikilowesha mgongo mzima, ndani ya sikio kukavu, na kupe mwenyewe anakaa humo.

Tukirudi kwenye chanjo, ndama wa mwezi mmoja anaweza kuchanjwa, mara moja tu. Mrija mmoja wa chanjo hutosha ndama 30 hadi 40, na ukishayeyushwa haurudishwi kwenye baridi. Basi msimwite mtaalamu kwa ndama wawili. Ongeeni na majirani kwanza.