IJUE KRENI: SOMO KUTOKA KWA KRENI YA MFANO

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Muhula uliopita baadhi yenu mlinicheka mliponikuta nyuma ya darasa nikipaka rangi kigari. "Jamaa ana miaka kumi na sita na bado anacheza na vidude!" mkasema. Leo nimepewa nafasi katika jarida la chama chetu, nami sitajibu kwa matusi bali kwa somo. Aidha nitawaeleza kwa nini mjomba wangu hawezi kuinua mkono wake wa kushoto kupita bega.

Kreni ni nini?

Kreni ni mtambo wa kuinua na kuhamisha mizigo mizito. Watu wengi wa pwani huiita winchi. Ninayozungumzia hapa ni ile inayotembea barabarani kwa magurudumu yake yenyewe. Sehemu zake muhimu ni hizi:

(a) Mkono. Huu ni bomba kubwa la chuma lenye mabomba mengine ndani yake, ambayo huchomoka moja baada ya jingine. Husukumwa na mafuta yanayoshindiliwa na pampu.

(b) Kulabu na kapi. Kulabu hushika mzigo. Kapi ni gurudumu dogo ambalo kamba ya waya hupita juu yake. Neno hili mabaharia wetu walikuwa nalo kabla ya kreni kuja.

(c) Vyuma vya kusawazisha. Huwekwa nyuma ili mzigo ulio mbele usiivute kreni ikaanguka.

(d) Miguu minne. Hutolewa kando, kisha huinua gari lote hata magurudumu yakaacha kubeba uzito.

Mwaka 2007 kampuni ya Liebherr, ambayo kiwanda chake cha kreni za aina hii kiko Ehingen, Ujerumani, ilionyesha kreni iitwayo LTM 11200-9.1. Ina ekseli 9, mkono wake hufika mita 100, na huinua tani 1,200. Si mchezo! Lakini ngoja kidogo. Tani hizo 1,200 ni wakati mzigo uko mita 2.5 tu kutoka katikati ya kreni. Mzigo ukisogezwa mbali zaidi, uwezo huo hushuka haraka. Hapo ndipo wengi hukosea.

Skeli na hila yake

Katika Jiografia tunasoma ramani za skeli ya 1:50,000. Kreni za mfano nyingi huwa za 1:50. Viwanda kama NZG ya Nuremberg, Ujerumani, huziunda kwa zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kwa skeli hiyo, mkono wa mita 100 huwa wa mita 2, mrefu kuliko mwalimu yeyote hapa shuleni.

Uzito nao je? Urefu, upana na kimo vyote vimegawanywa kwa 50, kwa hiyo uzito hugawanywa kwa 50 × 50 × 50, yaani 125,000. Kreni ya ekseli tano yenye tani 60 (kilo 60,000) ingepaswa kuwa na gramu 480 tu. Yangu nilipoipima kwa mizani ya dukani ilikuwa gramu 900! Kumbe kreni ya mfano ni nzito kupita haki yake, na inaweza kusimama mahali ambapo kreni ya kweli ingelala chali.

Jinsi nilivyoirekebisha

Kreni hii mjomba aliipata ofisini kwao ilipokuwa ikitupwa. Haikuwa na kulabu, uzi wake ulikuwa umekatika na mguu mmoja umevunjika. Nilifanya hivi:

1. Niliisugua kwa msasa laini, nikaipaka rangi ya manjano, na maandishi madogo nikayaandika kwa rangi ya kucha ya dada.
2. Niliweka uzi mweusi wa kushonea viatu, kwa sababu uzi mweupe unang'aa na haufanani na waya.
3. Kulabu niliikunja kutoka kwa waya wa hanga.
4. Vyuma vya kusawazisha nilivichonga kutokana na chubwi, ile risasi ambayo wavuvi hufunga kwenye mshipi.
5. Mguu uliovunjika niliuunda kwa msumari na gundi.

Nikaona nimemaliza. Nilipompelekea mjomba, aliigeuza-geuza kisha akasema, "Imependeza, mjomba. Lakini itaanguka. Mbao ziko wapi?"

Mbao zenyewe

Mjomba alikuwa taniboi wa kreni. Masika moja walikuwa wakiinua tangi la maji kwenye mjengo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na wakubwa walikuwa na haraka. Mbao nene za kuweka chini ya miguu zilikuwa zimeachwa bohari. Mguu mmoja ukazama kwenye tope, kreni ikainama polepole kama mtu anayesinzia, halafu ikaenda yote. Mjomba alikuwa ameshika kamba ya kuongoza mzigo. Alikimbia, lakini ukuta ulioangushwa na tangi ukampata begani. Anashukuru Mungu hakufa mtu.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mguu unabeba tani 40 na unyayo wake ni sentimita 50 kwa 50, yaani robo ya mita mraba. Ardhi hapo inabeba sawa na tani 160 kwa kila mita mraba. Ukiweka chini yake ubao mgumu wa mita 2 kwa mita 1, zinabaki tani 20 tu. Ubao mmoja umepunguza mara nane! Basi nilikata vijiti vya aiskrimu, nikavigandisha viwe vibao vinne vya sentimita 4 kwa 2.

Jaribio

Nilifunga mzigo wa gramu 80, ambao kwa skeli yetu ni tani 10, nikaunyoosha kando sentimita 40 kutoka katikati. Nguvu ya kupindua ni uzito mara umbali kutoka ukingo wa kuegemea. Miguu ikiwa ndani, ukingo uko sentimita 3: kreni ina 900 × 3 = 2,700, na mzigo una 80 × 37 = 2,960. Ilianguka. Miguu ikiwa nje, ukingo uko sentimita 8: kreni ina 7,200 na mzigo 2,560. Ilisimama imara. Kisha niliirudia kwenye tope la bustani. Bila vibao mguu ulizama kabla sijahesabu kumi. Nilipoweka vibao, ilikaa hadi kengele ya kwenda nyumbani.

Tamati

Ndugu msomaji, ukipita karibu na mjengo, usitazame mkono wa kreni tu jinsi ulivyokwenda juu. Tazama chini. Ukiona miguu haijatolewa yote, au haina mbao chini yake, jiondokee upesi na umvute na mwenzako. Nami mkinikuta tena nyuma ya darasa na kigari changu, karibuni. Mzigo wa gramu 80 bado ninao.