Mabinti Watatu na Meza ya Jumapili

Darasani tunafundishwa kuisoma hadithi kwa kutazama tukio linalojirudia. Jaribu kwenye Eat Drink Man Woman, filamu ya Ang Lee ya mwaka 1994. Mzee Chu ni mpishi mkuu wa Taipei, mgane, na ulimi wake umeanza kupoteza ladha. Kila Jumapili anawaandalia mabinti zake watatu karamu kubwa. Wanakula kwa kujilazimisha.

Tazama meza hiyo. Matangazo mazito yote hutolewa hapo. Jia-Ning, mdogo kabisa, anatangulia kuondoka, tena akiwa mjamzito. Anafuata Jia-Jen, mkubwa, mwalimu wa kemia na mlokole, ambaye kila mtu alishamkatia tamaa. Kumbe hata baba ana lake: anamwoa jirani, rafiki wa bintiye! Anayebaki ni Jia-Chien, yule ambaye baba alimfukuza jikoni ili akasome. Anampikia supu, na baba anaionja, ladha imerudi.

Miaka yote watu walihesabu nani ataolewa lini. Baba hakuna aliyemuuliza lolote.

Kwetu Heru Juu, dada yangu mkubwa naye ni mwalimu, hajaolewa. Kila likizo swali ni "lini?", ugali wa muhogo ukiwa mezani. Hata mimi niliwahi kuuliza. Baada ya filamu nilimpigia, nikamuuliza tu siku yake imekwendaje. Tuliongea mpaka salio likaisha.

Swali la kujadili: kwenu, ni nani haulizwi?