Hiba ya Kompyuta na Leseni za Programu: Maelezo kwa Walimu Wakuu na Kamati za Shule

Aghalabu shule ipokeapo kompyuta za hiba, furaha huwa kubwa hata pasiwe na mtu wa kuuliza kama programu zilizomo zimekuja na idhini yake. Mashine ni mali ya aliyeinunua, naye aweza kumpa amtakaye. Bali programu hakuimiliki kamwe, alipewa rukhsa tu ya kuitumia kwa masharti ya leseni, na mtu hawezi kumkabidhi mwenziwe asichokuwa nacho. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara, ya mwaka 1999, huilinda programu kama ilindavyo kitabu, na ufukara wa shule si udhuru.

Leseni ya Windows iliyotoka kiwandani na mashine hufuatana na mashine hiyo popote iendapo, wala haihamishwi kutiwa katika nyingine. Katika mashine za zamani dalili yake ni kibandiko cha ubavuni au chini, chenye herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano. Tangu Windows 8, ufunguo huo aghalabu umehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Basi kibandiko kisibanduliwe, wala kisipakwe rangi wakati wa kuandika nambari ya shule, kazi ambayo mafundi wetu huifanya kwa bidii ya kusikitisha. Ama leseni ya jumla, ambayo benki au wizara huinunua kwa mashine zake nyingi, hiyo hubaki kwa mwenyewe hata kompyuta ikishatolewa.

Mfadhili muungwana hufuta diski ili siri zake zisitoke nje. Hapo ndipo aitwapo fundi mwenye flashi mfukoni, akatia programu ya wizi, na virusi juu yake. Afadhali Linux na LibreOffice, ambazo leseni zake zaruhusu kunakiliwa katika mashine zote za darasa bila malipo, hasa maadamu Windows 10 ilikoma kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali Windows 11 huzikataa mashine nyingi kongwe.

Kabla ya kutia sahihi hati ya makabidhiano, mwombeni mfadhili barua itajayo nambari ya kila mashine na leseni inayofuatana nayo, nanyi mwiweke katika faili la vifaa. Asipoweza kuitoa, pokeeni mashine kwa shukrani, na programu zisizo na idhini zifutwe kabla wanafunzi hawajaingia darasani.