Ukisahau Neno la Siri la Kompyuta: Tayarisha Njia ya Kuingia Mapema

Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho kwa mtu binafsi kuwasilisha ripoti ya ushuru kwa KRA, na ndiyo siku mwaka wa fedha wa serikali unapofungwa. Majuma hayo kompyuta iliyolala kabatini tangu Januari hutolewa vumbi, ikawashwa, na mwenyewe akagundua kwamba neno la siri limemtoka. Anajaribu jina la mtoto, anajaribu mwaka wa kuzaliwa, wapi! Anaipeleka kwa fundi, na mara nyingi fundi hufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kompyuta inafunguka, ila hesabu za chama, picha na barua zote zimekwenda.

Dakika chache zinatosha kuzuia hasara hiyo, mradi uzitumie ukiwa bado unalikumbuka neno lenyewe. Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11, ambazo ndizo zilizo katika kompyuta nyingi hapa kwetu.

Kwanza jua akaunti yako ni ya aina gani. Fungua Settings, kisha Accounts, kisha Your info. Ukiona maneno Local account, neno lako la siri limo ndani ya kompyuta hiyo tu, na hakuna mtu wa mbali, hata Microsoft, anayeweza kukurudishia. Ukiona anwani ya barua pepe, unatumia akaunti ya Microsoft.

Mwenye akaunti ya ndani ana kinga mbili. Ya kwanza ni maswali matatu ya usalama, yanayopatikana kwenye Sign-in options. Hapa pana mtego. Windows huuliza mambo kama shule yako ya kwanza, jina lako la utani utotoni, au jina la binamu yako mkubwa kuliko wote. Hayo hapa Gusii nani asiyeyajua? Nusu ya soko la Daraja Mbili inaweza kukujibia. Kwa hiyo usijibu ukweli. Chagua jibu lisilohusiana na swali, ambalo wewe mwenyewe hutalisahau.

Kinga ya pili ni flashi ya kurejesha neno la siri. Chomeka flashi, andika password reset kwenye sehemu ya kutafutia, uchague Create a password reset disk, kisha ufuate maelekezo. Flashi hiyo itafanya kazi hata ukibadilisha neno la siri mara kumi baadaye, lakini kwa akaunti hiyo na kompyuta hiyo pekee. Yeyote atakayeipata anaweza kuingia, hivyo usiiweke ndani ya mkoba wa kompyuta. Mwizi hatakuachia kimoja.

Wenye akaunti ya Microsoft wahakikishe nambari ya simu na barua pepe ya pili waliyoandikisha bado ni zao. Laini iliyoachwa bila kutumika hatimaye huuzwa kwa mtu mwingine, na ujumbe wenye kodi utamwendea yeye. Ukingoja hadi umekwama ndipo ubadilishe maelezo yote ya usalama, Microsoft hukuwekea siku 30 za kusubiri. Baadhi ya kompyuta pia hufungwa kwa BitLocker, ambayo ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48. Uchapishe na uuhifadhi pamoja na hatimiliki ya shamba. Bila ufunguo huo, hata fundi hodari hawezi kuzisoma faili zako.

Wanaofungua kompyuta kwa PIN kila siku ndio husahau zaidi, kwa sababu neno lenyewe hawaliandiki tena. Siku PIN ikikataa kufanya kazi, kompyuta huuliza neno la siri, na hawana la kujibu.

Kwa vikundi, jambo hili ni zito zaidi. Chukua kikundi cha wachongaji wa mawe ya sabuni Tabaka, au cha wakulima wa majani chai Nyamira, ambacho daftari lake lote limo kwenye kompyuta ya mweka hazina. Akiugua au akifariki, wanachama watajuaje nani alilipa na nani anadai? Mfungulieni katibu akaunti yake yenye mamlaka ya Administrator, kwani mwenye mamlaka hayo anaweza kuweka neno jipya kwenye akaunti ya ndani ya mwenzake. La sivyo, liandikeni neno la siri kwenye karatasi, mlitie katika bahasha iliyosainiwa na viongozi wawili, na bahasha ifungiwe pasipokuwa na kompyuta. Nakala ya hesabu kwenye flashi nyingine itolewe kila mwezi, siku ya mkutano, mbele ya wanachama.

Ukishamaliza, jaribu. Toka kwenye akaunti, andika neno lisilo sahihi kwa makusudi, bofya Reset password, na uone kama majibu yako au flashi yako inakuingiza.